Nakala ya Pili: Historia Fupi ya Daftari za Pamba Katika Nchi ya Ziwa



Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama chetu Kikuu, wenzetu wameandika habari za vinu, za maghala na za bei ya pamba. Sisi wa ofisi ya Katibu tumepewa kazi isiyo na sifa nyingi, nayo ni kueleza historia ya daftari. Huenda msomaji atasema kwamba daftari halina historia, kwa kuwa ni karatasi tu zenye tarakimu. Lakini mkulima aliyepata kuambiwa dirishani, "Jina lako halimo," anajua uzito wa karatasi hizo. Pamba yake imekwisha kwenda kinuni, robota limekwisha kufungwa, na lori limekwisha kuondoka. Kitu pekee kilichobaki kuishuhudia kazi yake ya msimu mzima ni mstari mmoja wa wino. Mstari huo ukifutika, hana tena cha kushika.

Twapenda kuonyesha katika kurasa hizi kwamba ushirika wa pamba pande hizi ulianza kwa sababu wakulima walitaka nakala ya pili ya hesabu, iliyo mikononi mwao wenyewe. Kila nakala hiyo ilipokosekana, mkulima aliumia. Sasa daftari zetu zimehamia katika kompyuta, na sheria ile ya wazee haikubadilika hata kidogo. Sisi wenyewe tulijifunza hayo kwa aibu, kama tutakavyoungama mbele.

MIZANI YA PILI

Wazee wetu wa Kwimba, Magu, Misungwi, Geita, Sengerema na Ukerewe wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, jinsi pamba ilivyokuwa ikiuzwa kabla ya ushirika. Baada ya Vita Kuu vya Pili vya Dunia kilimo cha pamba kilienea sana katika Jimbo la Ziwa, lakini ununuzi na vinu vilikuwa mikononi mwa wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Asia. Mkulima alifika kituoni na mzigo wake kichwani au juu ya baiskeli. Mizani ilikuwa ya mnunuzi, karani alikuwa wa mnunuzi, na daftari lilikuwa la mnunuzi. Ratili zilizotajwa ndizo zilizolipwa. Mkulima akinung'unika kwamba amepunjwa, aliulizwa, "Una ushahidi gani?" Naye hakuwa na ushahidi wowote, maana hesabu ilikuwa moja tu, na mwenye kuishika ndiye aliyenufaika nayo.

Hapo ndipo ilipozaliwa hekima ya mizani ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima, wakiongozwa na watu kama Bwana Paul Bomani, aliyekuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, walijipatia mizani yao wenyewe. Mkulima alipima kwanza kwa wenzake, akajua uzito wa pamba yake, kisha ndipo akaenda kwa mnunuzi. Mizani hiyo haikununua hata ratili moja. Kazi yake ilikuwa kumpa mkulima hesabu nyingine ya kulinganisha na ile ya mnunuzi.

Kutokana na mwanzo huo mdogo vyama vya msingi viliota kama uyoga wakati wa masika. Mwaka 1955 viliungana chini ya Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, lililojulikana kote kwa herufi zake, VFCU, na makao yake yakawa Mwanza. Ulipofika mwaka 1959 pamba ya jimbo ilikuwa ikipita katika mikono ya ushirika. Shirikisho hilo likahesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya Waafrika barani. Vijana wanapouliza nguvu hiyo ilitoka wapi, twawajibu kwamba pamoja na umoja na ushupavu wa wazee, ilitoka pia katika hesabu mbili zilizowekwa mahali pawili.

KABONI, MCHWA NA MAJI

Sheria ya kwanza ya vyama vya ushirika katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na tangu hapo Mrajis alitaka kila chama kiwe na vitabu vinavyokaguliwa. Katika vyama vya pamba desturi ikawa kuandika stakabadhi kwa kaboni. Karani alikandamiza kalamu mara moja, na maandishi yakatoka katika karatasi zaidi ya moja, moja ya mkulima na nyingine ya chama. Kisha jumla iliandikwa katika leja na kupelekwa juu. Hesabu ya gunia moja ikawa imelala katika nyumba ya mkulima, katika ghala la kijijini na katika ofisi ya mjini. Moto ukiwaka mahali pamoja, pengine pabaki salama.

Na adui hawakukosekana. Mchwa wa nchi yetu hawachagui kati ya mlango na leja. Panya hupenda gundi ya jalada. Tena yako maji. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 zililijaza Ziwa Victoria hata likapanda zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964, likameza magati, mashamba na nyumba za ufukweni. Mwezi Mei mwaka 2020 ziwa lilipanda tena hata kupita kile kipimo cha 1964. Mwenye kuweka kabati la leja sakafuni karibu na ufuko, kwa kuwa maji hayajafika hapo maishani mwake, asijidanganye.

Lakini hasara kubwa zaidi haikuletwa na wadudu wala maji. Baada ya Uhuru vyama viliongezeka upesi kuliko makarani waliofunzwa. Chuo cha Ushirika kilifunguliwa Moshi mwaka 1963 ili kuponya upungufu huo, ila haja ilikuwa kubwa. Mwaka 1966 Kamati Maalum ya Rais ilichunguza mwenendo wa vyama vya ushirika na kuona udhaifu mwingi wa uongozi na wa hesabu. Kufikia mwaka 1968 VFCU ilikwisha kuondoka, na mahali pake pakawa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwezi Mei mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vikavunjwa kwa amri ya Serikali, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao. Mwaka 1982 sheria mpya iliruhusu vyama vikuu kurudi, na mwaka huo huo likaundwa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, yaani COASCO.

Tukiisoma historia hiyo kwa macho ya karani, twaona jambo ambalo halisemwi sana. Chama kinapovunjwa na baadaye kuundwa tena, swali la kwanza huwa ni nani alikuwa mwanachama, ana hisa ngapi, anadai nini na anadaiwa nini. Jengo laweza kupakwa chokaa likang'aa, na mizani yaweza kununuliwa upya. Lakini mzee aliyeweka akiba yake mwaka 1958 hawezi kununua dukani ushahidi wa akiba hiyo. Kama daftari lipo, haki yake ipo. Kama halipo, amebaki na maneno yake tu.

MASHINE INAINGIA

Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumaini yalikuwa makubwa, lakini hesabu za mashine zilileta matata, na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye, na leo hata chama cha msingi cha kijijini chaweza kuwa na kompyuta ya mkononi. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, imeleta mfumo wa MUVU, ambamo vyama huingiza habari zao ili zionwe na wasimamizi. Sisi hatuupingi uongozi huo hata kidogo. Karani aliyetumia wiki tatu kujumlisha leja kwa mkono, naye sasa hupata jumla hiyo kwa kufumba na kufumbua, hawezi kutamani kurudi nyuma.

Hata hivyo yapasa kujua tabia ya chombo hiki. Leja ikilowa, kurasa kumi huharibika na mia tisini hubaki. Diski ya kompyuta ikifa, kurasa zote huweza kwenda kwa dakika moja, bila moshi wala harufu. Leja ikiibwa, kabati huwa tupu na kila mtu huona. Kompyuta ikiingiwa na virusi, kwa nje haibadiliki, kumbe ndani mwake mafaili yamefungwa kwa nenosiri la mwizi aliye ng'ambo.

Wala tusidhani kwamba mataifa makubwa yamesalimika. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulizuka katika jengo la kumbukumbu za askari wa Marekani karibu na mji wa St. Louis. Mafaili ya askari yapatayo milioni 16 au 18 yaliteketea, na nakala zake hazikuwako. Wamarekani wakalazimika kuzikusanya habari za askari wao kutoka ofisi nyingine, kama vile hati za malipo, na kazi hiyo imechukua miaka mingi. Taifa lenye fedha nyingi kuliko yote lilirudi kwa njia ile ile ya mkulima wa Kwimba, kwa kutafuta ni nani mwingine aliyeandika.

TULIVYOANGUKA

Sasa tumefika mahali ambapo twapaswa kuungama. Katika msimu wa nne wa Chama chetu, kompyuta kubwa ya ofisi, iliyokuwa na hesabu za vyama vyote vya msingi, ilizimika umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Haikuwaka tena. Fundi aliifungua, akaichunguza diski, akatikisa kichwa.

Hatukufadhaika sana siku hiyo, maana tulikuwa na nakala. Kila Ijumaa jioni, bila kukosa, tulichomeka flashi, tukanakili, tukaifungia katika sefu, na tarehe tukaiandika katika kitabu. Ijumaa zote zilikuwa na sahihi. Tuliitoa ile flashi mbele ya Mwenyekiti, tukaichomeka katika kompyuta nyingine, tukafungua. Ndani yake hamkuwa na hesabu hata moja. Kile tulichokuwa tukikinakili kwa uaminifu mkubwa muda wote ule kilikuwa ile picha ndogo ya kwenye kioo ambayo huonyesha njia ya kuendea faili. Faili lenyewe halikuwamo. Ni kama mtu aliyebeba ufunguo wa ghala, akapiga kifua kwamba amebeba pamba.

Mwenyekiti alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Katibu, ni lini mara ya mwisho mliifungua?" Jibu lilikuwa: hatukuifungua hata siku moja.

Kilichokuwa hatarini hakikuwa tarakimu. Wanachama walikuwa wamechukua mbegu na dawa za kunyunyizia kwa mkopo, na madeni hayo yalikuwa yakikatwa katika mauzo. Waliokwisha kulipa walikuwa wengi. Hesabu ikipotea, mwaminifu angetakiwa alipe mara mbili, na asiyelipa angesema amelipa. Tena wako waliokuwa bado wanakidai Chama fedha za pamba. Kila mmoja wetu anakumbuka msimu wa 2019, bei ya dunia iliposhuka na wakulima wengi wa Kanda ya Ziwa wakachelewa kupata malipo yao. Katika nyakati kama hizo stakabadhi ndiyo hirizi ya mkulima.

Basi tukaenda kuitafuta nakala ya pili ya wazee. Tulituma barua na ujumbe kwa simu katika vyama vyote vya msingi, kwamba kila mwanachama alete stakabadhi zake na kila katibu alete leja yake. Wakaja. Wengine walivuka kwa kivuko kutoka Ukerewe. Stakabadhi zilitoka katika mifuko ya nailoni, katika kurasa za Biblia na Misahafu, katika makopo ya maziwa, nyuma ya boriti za nyumba. Mzee mmoja alimwaga juu ya meza yetu stakabadhi za misimu yote, zimefungwa kwa uzi wa katani, kila msimu fungu lake.

Tukamwambia, "Shikamoo mzee. Tunahitaji za msimu huu tu."

"Marahaba, wanangu," akasema. "Zichukueni zote mzione. Baba yangu alinifundisha kwamba karani ni mwanadamu. Hakusema ni mwizi. Alisema ni mwanadamu."

Kwa majuma sita tuliandika upya, mstari kwa mstari, stakabadhi ikilinganishwa na leja ya kijiji, na leja ikilinganishwa na hati za kinu. Jumla ya kilo za kila chama ililazimika kulingana na kilo zilizopokelewa kinuni, na palipotofautiana tulirudi kijijini. Sehemu kubwa ya hesabu ilirudi hivyo. Lakini si yote. Katika chama kimoja mchwa walikuwa wamekula leja, na baadhi ya wanachama wake hawakuwa na stakabadhi. Mjane mmoja alikuja mara tatu. Alijua siku ambayo marehemu mumewe alipeleka pamba, na alijua idadi ya magunia, lakini karatasi ilizikwa na mwenyewe katika mfuko wa koti. Majirani walimshuhudia, na Bodi ikakubali kumlipa kwa ushahidi huo. Wako wengine waliokosa shahidi na hawakulipwa. Hatujui ni wangapi kati yao waliosema kweli, na hilo ndilo linalotuuma hata leo, maana kosa lilikuwa letu na gharama ikawa yao.

DESTURI TULIYOSHIKA TANGU HAPO

Kwa kuwa kitabu hiki kitasomwa pia na makatibu wa vyama vya msingi, twaandika hapa desturi tuliyoifuata tangu msimu ule.

Kwanza, hesabu zetu hukaa mahali patatu. Iko ya kazi katika kompyuta, iko nakala katika diski ya nje, na iko nyingine mbali kabisa na ofisi. Vyombo navyo si vya aina moja, ili ugonjwa mmoja usiviue vyote.

Pili, diski ya nakala haikai imechomekwa. Ikimaliza kunakili huchomolewa na kufungiwa, kwa maana virusi vinavyoingia katika kompyuta hula pia kila kilichounganishwa nayo.

Tatu, tunaweka nakala katika hifadhi ya mtandao, lakini hatuitegemei peke yake. Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki zilikatika, na kwa siku kadhaa mtandao ukasuasua nchi nzima. Mali iliyo mbinguni haisaidii kama ngazi imevunjika siku ya malipo.

Nne, nenosiri halikai katika kichwa cha mtu mmoja. Katibu anaweza kuugua, kuhama au kufa. Limeandikwa, limetiwa katika bahasha yenye lakiri, na bahasha haifunguliwi ila mbele ya viongozi wawili. Nakala nazo hulindwa kama fedha, kwa sababu zina majina, namba za simu na madeni ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yatudai kuzificha kwa wasiohusika.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, kila mwezi tunairejesha nakala. Mjumbe mmoja wa Bodi, asiye wa ofisini, huchagua chama kimoja cha msingi bila kutuambia mapema. Sisi huchukua diski, tukaifungua katika kompyuta nyingine, tukatoa hesabu za chama hicho, na mjumbe akazilinganisha na leja ya karatasi. Zikilingana, anatia sahihi. Sahihi zetu za Ijumaa zilishuhudia kwamba tumenakili. Sahihi yake inashuhudia kwamba kilichonakiliwa kinarudi, na hiyo ndiyo sahihi yenye maana. Nakala ambayo haijajaribiwa ni tumaini tu, na tumaini halilipi mkulima.

Sita, stakabadhi ya karatasi haikufutwa. Wako waliopendekeza kwamba ujumbe wa simu watosha. Ujumbe tunautuma, lakini karatasi tunaitoa vile vile. Simu hupotea, namba hubadilishwa, na yule mzee wa uzi wa katani hatamwelewa karani atakayemwambia kwamba ushahidi wake umo katika hewa.

NENO LA MWISHO

Tunapotimiza miaka kumi, wako wanaotuuliza kama kazi hii yote ya kunakili na kujaribu si kupoteza muda, kwani tangu msimu ule kompyuta haijafa tena. Twawajibu kwamba hata mizani ya pili ya wazee wetu haikununua pamba, na bado ndiyo iliyomfanya mnunuzi asome ratili kwa sauti.

Kwa hiyo, mwanachama mwenzetu, twakuomba jambo moja dogo baada ya kukifunga kitabu hiki. Ingia ndani, tazama nyuma ya boriti au popote unapoweka karatasi zako, uzitoe stakabadhi za msimu uliopita. Hakikisha hazijaliwa, uzifunge vizuri, na umwonyeshe mwenzi wako au mwanao mahali zilipo. Sisi ofisini tutatunza zetu kwa uwezo wetu wote. Lakini sisi pia ni wanadamu, na yule mzee alisema kweli.